Nilitoa Sana Kabla ya Kulipa

Mtunza stoo hufundishwa jambo moja siku ya kwanza: kilichoingia ukitoa kilichotoka, lazima kilingane na kilichopo rafuni. Kadi ikisema vipo kumi na wewe ukahesabu tisa, basi kuna mtu. Vipuri havina miguu. Nilifanya kazi hiyo miaka mingi na niliipenda, na kwa miaka miwili kati ya hiyo yule mtu nilikuwa mimi.

Nilichukua vitu vidogo: beringi, plagi, mikanda, vitu vinavyoenea mfukoni au chini ya kiti. Mwanzoni nilijiambia naazima. Baadaye nikajiambia ni fidia ya saa za ziada ambazo kampuni haikunilipa, na kweli haikunilipa, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na kipande cha ukweli ndani yake na ukakaa vizuri. Kadi nilizirekebisha kwa mwandiko wangu mzuri. Nilikuwa nasifiwa kwa mwandiko huo.

Tulikuwa wawili tukipokezana zamu, wiki yangu na wiki yake. Wakaguzi walikuja bila taarifa katika wiki yake. Sahihi ya mwisho kwenye daftari la makabidhiano ilikuwa ya kwake, maana alikuwa amepokea stoo kutoka kwangu Jumatatu kwa kuniamini, bila kuhesabu rafu zote. Aliulizwa mara tatu, akasema hajui. Mimi niliulizwa mara moja, nikasema sijui. Akafukuzwa bila kiinua mgongo. Siku anaondoka alinikuta getini, akanishika mkono, akaniambia, "Kaka, ukisikia lolote, usiache kunijulisha."

Nikamwambia sawa.

Miaka miwili baadaye niliokoka. Nimetumia neno hilo bila kejeli, kwa sababu kilichonipata kilikuwa cha kweli. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nilipata kipaimara, nilijua nyimbo zote kwa sauti ya tatu, lakini usiku mmoja wa mkesha nilipiga magoti na kulia kama mtu aliyefiwa. Nilimtajia Mungu kila kitu. Nilimtajia na vipuri. Nilimtajia na mwenzangu, kwa jina. Nikainuka nikiwa mwepesi, na wepesi ule sijawahi kuukana hata leo.

Kosa nililolifanya ni dogo kulieleza na kubwa kuliishi. Nilichukua msamaha wa Mungu nikaufanya risiti. Deni limeshalipwa juu, nikawaza, kwa hiyo huku chini faili imefungwa. Tangu siku ile sikuiba tena hata kalamu. Lakini sikurudisha.

Badala yake nilitoa. Nilitoa fungu la kumi bila kukosa, nikatoa shukrani, nikatoa ya jengo, nikatoa ya wajane. Nikachaguliwa mzee wa kanisa, kisha mwenyekiti wa kamati ya huduma kwa wahitaji. Nilikuwa hodari, sisemi kwa kujisifu. Nilijua nani amelazwa, nani amefiwa, nani hajaonekana Jumapili mbili. Nililipia ada watoto wawili wasio wangu mpaka wakamaliza. Watu wakaanza kunitaja katika maombi kama mfano, nami nikainamisha kichwa kwa namna ambayo kichwa kinachoinama kinaonekana vizuri. Nilipenda sana kunukuu lile andiko la Mathayo sura ya 6, kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Kwangu lilifanya kazi kikamilifu: mkono uliotoa haukutaka kabisa kujua ule mwingine ulifanya nini.

Miaka kumi na mmoja nilikaa hivyo. Katika miaka hiyo tulikuwa na mafunzo ya Biblia kila wiki, na mara kwa mara hurudi lile swali la zamani la imani na matendo. Nililipenda swali hilo. Upande mmoja Paulo anawaandikia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Upande wa pili Yakobo anasema imani pasipo matendo imekufa, kama mwili usio na roho. Nilijua kueleza kwamba Martin Luther aliusumbukia sana waraka wa Yakobo, hata katika dibaji ya Agano Jipya alilotafsiri mwaka 1522 akaufananisha na majani makavu akiulinganisha na nyaraka za Paulo. Nilijua kwamba Wakatoliki na Walutheri, baada ya karne nyingi za kushutumiana, walitia sahihi tamko la pamoja mjini Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, wakikubaliana kwamba mtu hahesabiwi haki kwa wema wake bali kwa neema, na kwamba matendo mema ni matunda yanayofuata. Hayo yote niliyaeleza vizuri, watu wakaandika. Sasa naona mjadala ule ulikuwa maficho. Unaweza kubishana juu ya matendo kwa jumla mpaka uzeeke, usiguse tendo moja lenye jina la mtu na nyumba anayokaa.

Lililonifichua ni hasira yangu.

Kijana mmoja wa kwaya, mweka hazina wao, alichukua fedha za sare akazitumia, akitumaini kuzirudisha kabla hazijaulizwa. Ziliulizwa mapema. Akaletwa mbele ya baraza la wazee, amekonda, anaangalia viatu vyake. Alikiri kabla hajamaliza kuulizwa. Wenzangu walikuwa wanaelekea kumpa muda wa kulipa na kumweka chini ya uangalizi, utaratibu wa kawaida. Mimi nikasimama. Nilisema karibu nusu saa. Nilimtaja Anania na Safira, wale wa Matendo ya Mitume walioanguka wakafa kwa kudanganya juu ya fedha. Nilisema kanisa si pango, nilisema mwizi ni mwizi, nilitaka atangazwe ibadani mbele ya watu wote na mama yake akiwepo. Wazee wakawa wanaangalia meza. Kijana hakulia, na hilo likaniudhi zaidi.

Tulipotoka, mama mmoja mzee katika baraza letu, ambaye huwa hasemi mpaka aulizwe, alinisubiri mlangoni. Alinishika kiwiko kana kwamba anataka nimsaidie kushuka ngazi. Akasema, "Baba, huyu mtoto umemkasirikia kama mtu unayemfahamu sana."

Basi. Akashuka ngazi mwenyewe.

Usiku ule nilifungua kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, na sikuifungua kwa bahati, nilijua ninachokitafuta. Nabii Nathani anamsimulia mfalme Daudi, aliyekuwa amemchukua mke wa mtu, habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja. Daudi anawaka. Anasema mtu huyo anastahili kufa, na atamlipa yule mwana-kondoo mara nne. Halafu Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye. Nimesikia mahubiri mengi ya habari hiyo, na karibu yote hukimbilia hapo mwisho. Mimi nilikwama kwenye ile hasira. Daudi hakuwa anaigiza. Alichukizwa kweli na dhuluma. Dhamiri yake ilikuwa nzima kabisa, ilikuwa imegeuziwa tu nje. Mtu anaweza kuwa na dhamiri kali namna hiyo na asiisikie, kwa kuwa kila inapolia anaielekeza kwa jirani.

Na ile mara nne ikanishika. Daudi hakuibuni. Imo katika Kutoka sura ya 22: aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza, alipe kondoo wanne kwa mmoja, na kwa ng'ombe alipe watano. Zakayo naye, yule mkuu wa watoza ushuru katika Injili ya Luka, karne nyingi baadaye, anaitaja hiyo hiyo mara nne kwa kinywa chake, nyumbani kwake, bila kuhukumiwa na mtu.

Kwa majuma kadhaa nilisoma kuhusu kurudisha tu, nikagundua kwamba jambo nililolifanya mimi kwa miaka kumi na mmoja Torati ilikuwa imelikataza kwa mpangilio ulio wazi kabisa. Katika Mambo ya Walawi sura ya 6, mtu aliyedhulumu au kuficha amana anaambiwa arudishe kitu chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe. Ndipo alete sadaka yake ya hatia kwa kuhani. Mwenye mali kwanza, madhabahu baadaye. Hesabu sura ya 5 inakwenda mbali zaidi: yule uliyemkosea akiwa hayupo na hana hata ndugu wa kupokea, hapo ndipo malipo yanakwenda kwa Bwana, yapokelewe na kuhani. Maana yake Mungu anakubali kupokea kwa niaba ya mtu pale tu ambapo mtu huyo na ukoo wake hawapatikani. Mwenzangu alikuwa anapatikana. Sikuwa nimemtafuta. Nilikuwa nimepeleka malipo yake kwa mtu mwingine, nikamtia na Mungu katika shughuli hiyo kama mpokeaji wa mali isiyo yake.

Yesu anasema hivyo hivyo kwa maneno mafupi zaidi katika Mathayo sura ya 5: ukiwa unaleta sadaka, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale mbele ya madhabahu, uende kwanza. Siku zote nilikuwa nimesoma andiko hilo kana kwamba mimi ndiye mwenye neno juu ya ndugu. Linasema yeye ndiye mwenye neno juu yangu. Na Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, katika barua kwa afisa mmoja wa Kirumi aitwaye Macedonius, alisema bila kuzunguka kwamba anayeweza kurudisha alichochukua na hataki, toba yake ni ya kuigiza, na dhambi haiondolewi mpaka kilichochukuliwa kirudishwe. Nilifunga kitabu kwa siku mbili.

Lakini kuna sehemu ya habari ya Zakayo iliyonizuia nisikate tamaa, na ni mpangilio wake. Yesu anaingia nyumbani mwake kwanza. Anamwita kwa jina akiwa juu ya mkuyu, anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na hataji fedha hata mara moja. Watu wananung'unika nje. Ndani, Zakayo anasimama mwenyewe na kuanza kupiga hesabu. Hakulipa ili Yesu aingie. Ameingia tayari, na sasa fedha iliyoko kabatini haiwezi kukaa naye chini ya paa moja. Nilipoliona hilo nilielewa kwamba machozi yangu ya mkesha hayakuwa ya bure wala ya unafiki. Mgeni aliingia kweli usiku ule. Mimi nilimkaribisha sebuleni, nikakaa naye miaka kumi na mmoja nikihakikisha kila mara kwamba mlango wa stoo umefungwa.

Nilijifariji pia, sijui kama nilistahili, na habari za John Newton. Wengi wanamjua kwa tenzi zake. Alizaliwa mwaka 1725, akawa baharia, na dhoruba ya Machi 1748 ilimfanya amlilie Mungu. Yeye mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa mwanzo wa imani yake. Kisichosimuliwa sana ni kwamba baada ya dhoruba hiyo alipanda cheo katika meli za watumwa. Kati ya 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa safari tatu, akiwaongoza mabaharia wake katika ibada za Jumapili huku chini ya sakafu wakiwa wamelala watu wenye minyororo. Aliacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, si kwa sababu ya dhamiri. Akawa kasisi mwaka 1764. Kijitabu chake cha kukiri na kuishutumu biashara ile alikitoa mwaka 1788. Ni miaka arobaini tangu dhoruba. Katika kijitabu hicho alikiri kwamba ungamo lake limechelewa. Alifariki Desemba 1807, mwaka uleule ambao Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo, nayo ilikuwa imewasomba watu wasiohesabika. Sisemi Newton ni kisingizio. Nasema tu kwamba neema ikimwingia mtu haimjazi siku moja nyumba nzima, na wakati yeye anajifunza taratibu kuna wengine wanaoteseka kwa ajili ya utaratibu wake. Mwenzangu hakuwa na haja na ukuaji wangu wa kiroho. Alikuwa na haja na kazi yake.

Nilimwendea mchungaji. Alinisikiliza vizuri, akaniombea, kisha akasema tusifukue yaliyofukiwa; kampuni imebadilisha wenyewe, muda umepita, na aibu itakayolipata kanisa ni kubwa kuliko faida. Simlaumu. Alikuwa analinda kundi kwa namna aliyoijua, na ushauri wake ndio niliotamani kuusikia. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwa muda wa saa tatu hivi.

Kisha nikamwambia mke wangu. Hakujua. Nilikuwa nimemwoa mwaka uliofuata baada ya mwenzangu kufukuzwa, na baadhi ya vyombo vyetu vya kwanza vilitokana na vile vipuri. Hakusema kitu siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza swali moja: "Ana watoto wangapi?"

Sikujua. Nilijua majina ya watoto wa nusu ya washarika wetu, nilijua nani ana pumu na nani anakojoa kitandani, na sikujua mtu yule ana watoto wangapi.

Mke wangu akatoa kitabu chetu cha akiba, akakiweka mezani.

Ya kampuni nitayapitia haraka. Nilikuwa nimeshaacha kazi pale miaka mingi. Mwanasheria aliniambia wazi kwamba barua ninayotaka kuandika inaweza kunifikisha mahakamani. Niliiandika. Uongozi mpya haukujua wanifanye nini. Kumbukumbu nyingi zilikuwa zimeshatupwa. Mwishowe walipokea thamani ya vitu nilivyoorodhesha, hawakunishtaki, na wakatoa barua fupi kusema kwamba mfanyakazi fulani aliondolewa kimakosa. Neno lenyewe ni kimakosa. Hakuna aliyeandika kwa makosa ya nani, ila kopi ya barua yangu ilibandikwa nyuma yake.

Nikaibeba barua hiyo mpaka kwake.

Aliyefungua mlango ni mkewe. Alinitambua mara moja, akasema kwa furaha, "Karibu shemeji, umepotea mno!" Nilitamani anifukuze. Mwenzangu alikuwa amelala, anafanya kazi ya ulinzi usiku. Alikuja na fulana, amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi. Tukaulizana hali kama watu. Kisha nikasema. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya maneno hayo njia nzima, na sikutumia hata moja. Nilisema, "Vile vipuri nilichukua mimi."

Mkewe akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu.

Yeye alisoma barua mara mbili. Akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. Nikaanza kueleza habari za kulipa, nikamwambia kwamba nimesoma habari za Zakayo na nimeamua kumrudishia mara nne ya yote aliyopoteza. Nilisema hivyo kwa sauti ambayo hata mimi niliitambua. Ilikuwa sauti yangu ya kamati. Akaniangalia.

"Hayo ya mara nne baki nayo," akasema. "Mimi nataka kilicho changu. Lete karatasi."

Tukakaa tukapiga hesabu. Alikaa miezi kumi na minne bila kazi. Kiinua mgongo alikikumbuka kwa tarakimu, hakuhitaji kutafuta. Akatoa kibarua alichofanya katikati, siku kumi na tisa, kwa kuwa siku hizo alilipwa na asingeweza kunidai mimi. Nilimwambia aziache. Akasema haziwezi kuachwa, hesabu ni hesabu. Mimi mwizi nilikuwa nataka kuonekana mkarimu, na yeye aliyeibiwa alikuwa anakataa kuzidishiwa siku kumi na tisa. Nikafahamu, nimekaa pale na kalamu mkononi, kwamba nilikuwa nimeifikisha tabia yangu ya kutoa mpaka ndani ya malipo yenyewe. Hata toba nilikuwa nimeipamba.

Tulipomaliza aliniambia mambo mawili. La kwanza, mama yake alifariki miaka minne baada ya tukio, na mpaka anafariki alikuwa akimwombea aache wizi. Aliposema hivyo hakupandisha sauti. Aliiweka tu pale mezani kando ya karatasi yetu, na hakuna safu ya kuiandikia. La pili, alitaka nirudi Jumamosi watoto wote wakiwepo, niwaambie mwenyewe.

Wako watano. Wa kwanza alikuwa na miaka minane baba yake alipofukuzwa, na shuleni waliujua ule uvumi. Niliwaambia. Yule wa kwanza aliniuliza kama nilikuwa nalala usiku. Nikamjibu kweli kwamba nilikuwa nalala vizuri tu. Nadhani jibu hilo lilimuumiza kuliko yote, lakini nilikuwa nimechoka kuwapa watu kitu kizuri badala ya kitu cha kweli.

Kanisani niliungama mbele ya baraza, nikavua uzee. Wapo waliosema nimefanya ushujaa, na wapo walioacha kunisalimia. Wa pili nawaelewa zaidi. Yule mama mzee alisema tu, "Haya." Yule kijana wa kwaya nilimfuata kwao. Nilimwomba radhi, si kwa kosa la kumhukumu, maana fedha alichukua, bali kwa ile nusu saa. Yeye alikuwa ameshamaliza kulipa wakati huo, aliuza simu na kufanya vibarua. Ilimchukua miezi mitano. Mimi miaka kumi na mitatu.

Watu huniuliza kama sasa nina amani. Ninayo, lakini si ile ya mkesha. Ni kama utulivu wa stoo baada ya kuhesabu, pale unapojua kilichopungua ni kiasi gani. Naona pia mambo madogo. Hasira yangu kwa wakosaji imepoa, na sikuipoza kwa kujitahidi. Siku moja nilisoma lile tunda la Roho katika Wagalatia sura ya 5, upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi, nikagundua kwamba katika mambo tisa hakuna hata moja unaloweza kulitangaza kwenye harambee. Uaminifu umo, wa saba. Ni sifa ya mtunza stoo. Bado naenda kuwaona wagonjwa, ila sasa naweza kukaa kimya kando ya kitanda. Zamani nilikuwa na lazima ya kusema kitu, kuacha kitu, kuonekana nimefika.

Akiba yetu ilitosha sehemu ya kwanza tu. Iliyobaki tuliigawa kwa miezi thelathini na sita. Kila mwisho wa mwezi naenda nyumbani kwake. Ana daftari dogo lenye mistari aliyoichora kwa rula: tarehe, kiasi, salio, sahihi yake, sahihi yangu. Anahesabu noti mbele yangu, anaziweka chini, anahesabu tena. Mkewe hutoka akanisalimia, ingawa neno shemeji hajalirudia. Mwenzangu haniulizi habari za kanisa, nami simwambii. Hajasema amenisamehe, na sijamwomba aseme. Mwezi uliopita nilitia sahihi kwenye mstari usio wangu, akaufuta kwa kifutio, akapuliza vumbi la karatasi, akanionyesha kwa kidole mahali penyewe.

Zimebaki awamu tisa. Amesema tukimaliza nisije tena mpaka aniite.